Vidonge Vitatu na Mkasi Ulio Ndani ya Seli

Ndugu msomaji, malale ni ugonjwa ambao jina lake lajieleza lenyewe. Mgonjwa husinzia mchana tonge la ugali likiwa mkononi, na usiku, wenziwe walalapo, yeye hukesha akizunguka uani. Tabia yake hubadilika. Mtu aliyekuwa mpole hugombana na mkewe na wanawe bila sababu, husema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na aghalabu jamaa zake hudhani kwamba amerogwa. Asipotibiwa hufa.

Wazee wa kandokando ya Ziwa Viktoria waliachiwa na wazazi wao kumbukumbu chungu za maradhi haya. Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale yaliua watu wapatao robo milioni katika Uganda, hasa katika Busoga na visiwani, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha wenyeji wa visiwa vya Sese na kuviacha vitupu. Mwaka 1906 mtaalamu mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alipiga kambi huko Sese akijaribu dawa yenye aseniki, ile sumu inayojulikana tangu zamani, na baadhi ya wagonjwa wake wakapofuka. Dawa iliyotumika tangu mwaka 1949 nayo ilikuwa na aseniki. Ilidungwa katika mshipa ikiunguza kama moto, na katika kila wagonjwa 100 waliodungwa, kiasi cha 5 waliuawa na dawa yenyewe. Hebu fikiri mzazi anayempeleka mwanawe hospitali huku akiijua hesabu hiyo.

Sasa sikiliza habari hii. Kati ya mwaka 2016 na 2019, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na katika Guinea, wagonjwa 208 wa malale walipewa vidonge vitatu vya dawa iitwayo akoziboroli. Walivimeza siku moja, basi. Hawakudungwa sindano, wala hawakulazimika kurudi kesho yake kwa dozi nyingine. Baada ya miezi 18 walipimwa tena, na katika wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia ubongoni, 95 katika kila 100 walihesabiwa kuwa wamefanikiwa katika tiba. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022.

Vidonge hivyo hufanya nini mwilini? Huingia ndani ya kijidudu cha malale na kuuziba mkasi mmoja. Ni mkasi mdogo mno, hauonekani kwa darubini ya kawaida, na kazi yake ni kukata ujumbe. Mkasi huo ukizibwa, kijidudu hufa. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kwanza kuingia ndani ya seli na kutazama jambo ambalo huendelea pia katika mwili wako wewe msomaji, dakika hii unaposoma ukurasa huu.

HATI NA NAKALA

Seli ndiyo tofali la kila kiumbe. Bakteria ni seli moja tupu, haina chumba ndani. Lakini seli za binadamu, za ng'ombe, za mwembe, za uyoga, na hata za kijidudu cha malale, zina chumba cha pekee kiitwacho kiini, na ndani ya kiini hicho umehifadhiwa uzi wa DNA. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T. Kwa binadamu herufi hizo zapata bilioni 3, na humo mna jeni kiasi cha 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini: ile inayobeba hewa katika damu, ile inayokaza msuli, ile inayosaga chakula tumboni, na kadhalika.

Protini, hata hivyo, hazitengenezwi ndani ya kiini. Viwanda vyake, ambavyo wataalamu huviita ribosomu, viko nje, na DNA haitoki kamwe kwenda huko. Mwenye busara hafanyi hivyo hivyo na hati ya nyumba yake? Hati hubaki kabatini chini ya kufuli, na anapotakiwa kuionyesha ofisini huchukua nakala. Nakala ya jeni ni uzi mwembamba uitwao RNA, wenye herufi zile zile, ila mahali pa T huandikwa U.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba mambo yaliishia hapo: hati hunakiliwa, nakala hutoka mlangoni, kiwanda huisoma. Kwa bakteria ni kweli, nao ndio waliochunguzwa kwanza. Mnamo mwaka 1977 ikadhihirika kwamba katika seli zenye kiini nakala ya kwanza haifai kusomwa hata kidogo. Ni rasimu. Imejaa maneno yasiyotakiwa, haina kichwa wala mwisho unaoeleweka, na ikitoka ilivyo itaharibiwa kabla haijafika popote.

Wazee wa chumba chetu cha habari husimulia kazi ilivyokuwa zamani kabla ya kompyuta. Habari ya mwandishi ilifika kwa mhariri ikiwa kwenye karatasi ndefu za taipu. Mhariri alishika mkasi kwa mkono wa kulia na chupa ya gundi kwa mkono wa kushoto. Aya ya pili huku, aya ya tano kapuni, kichwa cha habari juu, na alama ya mwisho chini, kisha karatasi iliyojaa viraka ikapelekwa mtamboni. Msomaji wa Jumapili hakuona mkasi wala gundi. Ndani ya kiini cha seli yako pana chumba cha habari cha namna hiyo, nacho hakifungwi usiku wala mchana.

KOFIA, MKASI, MKIA

Kazi ya kwanza huanza mapema mno. RNA haijafikisha hata herufi thelathini, ingali ikiendelea kunakiliwa, ncha yake ya mbele huvikwa kofia. Kofia hiyo ni herufi G iliyotiwa alama na kubandikwa kinyume, kichwa chini, tofauti na herufi nyingine zote. Ugeni wake ndio faida yake. Ndani ya seli mna vimeng'enya vinavyotafuna RNA kuanzia nchani, na vikikuta kofia hiyo vinashindwa pa kuumia. Tena kiwanda cha protini huutambua ujumbe kwa kofia. Usio na kofia haupati nafasi mezani.

Kazi ya pili ndiyo ile ya mkasi na gundi. Ilikuwa katika kuchunguza virusi viitwavyo adenovirusi, ambavyo hutuletea mafua, ndipo makundi mawili ya wachunguzi katika Marekani, moja likiwa na Phillip Sharp na jingine likiwa na Richard Roberts, walipooanisha DNA na ujumbe uliokwisha tengenezwa na kutazama kwa darubini ya elektroni. Walitarajia kuona nyuzi mbili zilizolala sambamba. Badala yake DNA ilitokeza vitanzi pembeni, kama mshono uliofumuka. Vitanzi hivyo vilikuwa sehemu za jeni ambazo ujumbe haukuwa nazo tena. Zilikuwa zimekatwa. Mwaka 1993 Sharp na Roberts walipewa Tuzo ya Nobel. Bibi Louise Chow, ambaye picha zake za darubini ndizo zilizoonyesha vitanzi katika kundi la Roberts, hakutajwa katika tuzo hiyo, na wapo wanaoona hadi leo kwamba hesabu yake haikulipwa sawasawa. Mwandishi huyu ni mmoja wao.

Vipande vinavyobaki huitwa eksoni, na vile vinavyotupwa huitwa introni. Usidhani kwamba kinachotupwa ni kidogo. Kipande cha kubaki kina herufi 150 hivi kwa wastani. Cha kutupwa chaweza kuwa na maelfu. Jeni ya protini moja ya msuli, iitwayo distrofini, ina herufi zaidi ya milioni 2, na kuinakili tu huchukua kiasi cha saa 16. Mhariri akimaliza kazi yake, ujumbe unaobaki una herufi 14,000 tu, zilizounganishwa kutoka vipande 79. Chini ya sehemu moja katika mia!

Mkasi hujuaje pa kukata? Karibu kila introni huanza kwa herufi GU na kuishia kwa AG. Tuchukue mfano kwa lugha yetu. Tuseme rasimu yasomeka hivi: WANAPI-gurushatalamonag-KIANA. Mhariri huiona gu, huiona ag, hukunja kile cha katikati kikawa kitanzi kama cha mtego wa ndege, hukikata, na kuziunga ncha mbili zilizobaki. Sasa twasoma WANAPIKIANA, neno kamili. Chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa splaisosomu. Kimeundwa na RNA ndogo tano na protini zaidi ya mia moja, na huundwa upya kila inapopatikana introni ya kukata. Kukosea kwa herufi moja hakusameheki, maana ujumbe husomwa herufi tatu tatu. Ikizidi au ikipungua moja, kila kinachofuata huvurugika hadi mwisho.

Vipuri vya chombo hicho vilitambuliwa kwa njia isiyotazamiwa. Wapo wagonjwa, wengi wao wanawake, wenye maradhi ya lupasi, ambayo hufanya damu ishambulie mwili wake yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bibi Joan Steitz na mwanafunzi wake Michael Lerner, katika Chuo Kikuu cha Yale, walichukua maji ya damu ya wagonjwa hao na kugundua kwamba baadhi yao damu yao ilikuwa ikikamata hasa vipuri vya mkasi na gundi vya seli. Hivyo maradhi ya akina mama hao yakawa ndoana ya kuvulia kile ambacho maabara ilikuwa haijakiona.

Lugha yetu yafaa sana kueleza jambo jingine. Rudi kwenye WANAPIKIANA. Ondoa kipande -IAN-: utapata WANAPIKA. Ondoa -AN- peke yake: WANAPIKIA. Rasimu moja, maneno matatu, na kila moja lina kazi yake. Seli zetu hufanya vivyo hivyo. Jeni nyingi mno za binadamu, zaidi ya tisa katika kila kumi zenye vipande vingi, huunganishwa kwa namna zaidi ya moja, hivi katika ubongo na vile katika ini. Ndiyo maana jeni 20,000 hivi, idadi isiyomzidi sana mnyoo, zatosha kumjenga mtu. Lakini mhariri akisinzia akaondoa ile -I- peke yake, atapata WANAPIKANA. Majirani waliokuwa wakipikiana futari sasa wanatiana chunguni wao kwa wao! Kosa la kipande kimoja, na balaa lake ndilo hilo.

Kazi ya tatu ni mkia, na hapa ndugu msomaji nakuomba uwe macho, maana ndipo penye siri ya vidonge vyetu vitatu. Karibu na mwisho wa rasimu pana alama, aghalabu AAUAAA. Herufi kumi hadi thelathini baada ya alama hiyo hufika mkasi mwingine, si ule wa splaisosomu, ukaukata uzi. Kisha kwenye ncha iliyokatwa huongezwa herufi A, na A nyingine, na nyingine, zikafika kiasi cha 200 au zaidi. Hazimo katika DNA, zaongezwa tu. Mkia huo huulinda ujumbe, na pia ni saa yake. Kadiri siku au saa zinavyopita mkia hufupizwa, na ukiisha ujumbe huharibiwa, ili kiwanda kisiendelee kutekeleza agizo la jana.

Ujumbe wenye kofia, usio na introni, wenye mkia, ndio unaoruhusiwa kupita katika matundu ya kiini kwenda nje.

PALE MHARIRI ANAPOKOSEA

Wasomaji wengi wanaijua selimundu, kwa kuwa ipo katika familia nyingi za Afrika Mashariki. Katika selimundu kosa la herufi moja limo katika maneno yenyewe ya ujumbe wa hemoglobini. Mhariri hana hatia. Thalasemia ni ndugu yake, lakini aina zake nyingi ni makosa ya mkasi. Jeni ya hemoglobini inayohusika ina vipande vitatu vya kubaki na viwili vya kutupwa. Katika nchi za pembe za bahari ya Mediterania, kama Cyprus, wapo watu ambao ndani ya introni ya kwanza G moja imegeuka A. Sehemu hiyo ni ya kutupwa, kwa hiyo ungedhani haina madhara. Lakini A hiyo hufanya AG mpya mahali pasipostahili, mkasi hukata hapo, na herufi 19 za takataka hubaki ndani ya ujumbe. Kumi na tisa haigawanyiki kwa tatu. Ujumbe wote unaofuata ni upuuzi, na mtoto aliyerithi kosa hilo kwa baba na kwa mama huhitaji kuongezewa damu maisha yake yote.

Katika Omani na Falme za Kiarabu, ambako familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu, kosa lililo mashuhuri zaidi liko herufi ya tano tu ya introni hiyo hiyo. G imekuwa C, na mkasi hauoni vizuri pa kuanzia.

Basi ikiwa kosa ni la mkasi, je, mkasi waweza kuelekezwa upya? Ndiyo, na imekwisha fanyika. Upo ugonjwa wa watoto wachanga ambao neva zinazoamrisha misuli hufa. Mtoto hashiki shingo, hakai, na katika aina iliyo kali wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Watoto hawa wamekosa jeni moja. Wanayo jeni nyingine inayofanana nayo kama pacha, lakini kwa ajili ya herufi moja mkasi huitupa eksoni yake ya saba. Adrian Krainer na wenzake walitengeneza kipande kifupi cha herufi ambacho hujibandika kwenye rasimu na kumzuia mhariri asiitupe. Marekani iliiruhusu dawa hiyo, nusinerseni, mwezi Desemba mwaka 2016. Watoto ambao wangekuwa makaburini wamekaa, na wengine wametembea. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 125,000 kwa sindano moja, yaani dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Sina la kuongeza juu ya bei hiyo, ila kusema kwamba ujuzi ulioielekeza sindano hiyo ni ujuzi ule ule ulioelekeza vidonge ambavyo mgonjwa wa kijijini Kongo alivimeza bila kulipa.

Nitaje na chanjo za UVIKO zilizotoka mwaka 2020, kwa kuwa maswali juu yake hayajesha mitaani. Zile za aina ya RNA ni ujumbe uliokwisha hariririwa kiwandani: una kofia yake, una mkia wake, hauna introni. Hauna haja ya kupita katika kiini, wala haupiti. Hufikia viwandani nje ya kiini, husomwa kwa muda, kisha huharibiwa kama ujumbe mwingine wowote. Hati iliyo kabatini haiguswi.

KIJIDUDU CHENYE DESTURI ZAKE

Turudi kwa mbung'o na mzigo wake. Kijidudu cha malale kina kiini kama sisi, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kukitibu. Dawa nyingi zinazoua bakteria hushambulia vyombo ambavyo sisi hatuna. Kijidudu hiki kina vyombo vinavyofanana na vyetu, kwa hiyo sumu inayokidhuru ni rahisi kumdhuru mgonjwa pia. Chanjo nayo imeshindikana. Ngozi yake imefunikwa kwa koti la protini, na kila damu ya mgonjwa inapolijua koti hilo, kijidudu hulivua na kuvaa jingine kutoka sanduku lenye mamia ya makoti.

Lakini katika uhariri wake kina desturi za ajabu. Jeni zake zimepangwa safu ndefu, na hunakiliwa makumi kwa mara moja katika uzi mmoja usiokatika. Akina mama watanielewa haraka nikisema ni kama kanga zinavyotoka kiwandani: kitambaa kirefu, pande baada ya pande, na mwenye kununua hupata doti ambayo bado ni kipande kimoja. Havai mtu kanga hiyo kabla haijakatwa katikati na kupindwa. Kijidudu cha malale hukata uzi wake vivyo hivyo, kipande kwa kipande, na kila kipande hushonewa pindo la mbele lenye herufi 39, zile zile kwa kila ujumbe, pamoja na kofia juu yake. Nyuma hutiwa mkia wa A. Introni kama zetu karibu hakina. Zimepatikana katika jeni mbili tu.

Tena katika pembe nyingine ya seli hiyo kuna uhariri ambao hata mhariri mkali wa gazeti asingethubutu. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake huko Amsterdam waligundua katika ujumbe wa vijidudu vya jamii hii herufi nne za U ambazo hazikuwamo kabisa katika hati. Baadaye ulipatikana ujumbe ambao zaidi ya nusu ya herufi zake ziliongezwa baada ya kunakiliwa. Yaani mwandishi ameleta nusu ya habari, na nusu nyingine imeandikwa mezani kwa mhariri! Wanasayansi wengi hawakuamini mpaka walipojionea wenyewe.

Mkasi unaokata ili mkia upate kutiwa huitwa kwa kifupi CPSF3. Mwaka 2018 wachunguzi, miongoni mwao wale wa Chuo Kikuu cha Dundee katika Uskochi, walionyesha kwamba huo ndio unaozibwa na akoziboroli. Dawa hukaa ndani ya kinywa cha mkasi kama kokoto katika bawaba ya mlango. Uzi haukatwi, mikia haitiwi, ujumbe mpya haupatikani, na kijidudu kinachohitaji protini nyingi kila saa kwa koti lake hakina tena agizo la kutekeleza.

Swali ambalo mzazi yeyote atauliza ni hili: sisi nasi hatuna mkasi huo? Tunao, tena wenye jina hilo hilo. Tofauti iko ndani ya kinywa chake. Mahali ambapo dawa ingekaa, mkasi wa binadamu una kipande kinene cha protini kiitwacho tairosini, kinachoziba nafasi. Katika mkasi wa kijidudu kipo chembamba zaidi, na dawa hupenya. Wachunguzi walipobadili kipande hicho kimoja tu katika kijidudu, kikaanza kuistahimili dawa. Uhai wa mgonjwa na kifo cha mdudu wake vimetenganishwa na upana wa kipande kimoja katika mamia ya vipande.

MALALE YA KWETU

Pamoja na furaha hiyo yatupasa kutochanganya mambo. Malale ni ya namna mbili. Yale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati huenda polepole kwa miaka, na ndiyo yaliyojaribiwa kwa vidonge vitatu. Yale ya Afrika Mashariki na ya Kusini, ya Tanzania, Malawi na Zambia, huenda kwa kasi. Yaweza kuua katika wiki chache au miezi. Uganda peke yake inayo yote mawili. Kwa malale yetu dawa nyingine ya kumeza, feksinidazoli, ilijaribiwa Malawi na Uganda, na mwezi Desemba mwaka 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakaipitisha kwa matumizi hayo. Humezwa kwa siku kumi pamoja na chakula.

Idadi ya wagonjwa imeshuka mno. Mwaka 1998 waliohesabiwa katika Afrika nzima walikaribia 40,000. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Lakini malale ya Mashariki yana maskani katika wanyama wa porini na ng'ombe, na huwezi kumpa kila nyati kidonge. Kwa ng'ombe, ambao huugua nagana itokanayo na vijidudu vya ukoo huo, imetengenezwa dawa ndugu ya akoziboroli, nayo hulenga mkasi ule ule.

Mwaka 2001 watalii kadhaa walioitembelea Serengeti na Tarangire walirudi makwao na malale, na madaktari wa huko walipata taabu kuyatambua. Kwa hiyo msomaji unayekwenda mbugani na watoto, au unayefanya kazi ya uongozaji, ya ufugaji au ya kurina asali, vaa mikono mirefu, na nguo ya buluu iliyoiva iache nyumbani: mbung'o huifuata rangi hiyo, na mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Ukiumwa na mbung'o, kisha ukaona uvimbe mwekundu mahali hapo na homa isiyotulia kwa dawa za malaria, mwambie mganga wa hospitali kwamba ulikuwa porini na siku uliyoumwa. Kipimo cha kwanza ni tone la damu chini ya darubini, na katika malale yetu vijidudu huonekana humo mapema, vikijipinda katikati ya chembe nyekundu.